Mtunzi wa Hadithi na Nyumba Aliyotoka

Wako watu wadhanio kwamba mtunzi wa hadithi ni kiumbe wa peke yake, akaaye faraghani akingojea mawazo yamshukie kama mvua ya masika. Dhana hiyo yapendeza kuisikia, lakini ukweli wake ni mdogo. Mtunzi ni mwana wa watu. Ana mama aliyemlea, ana jirani aliyepata kumkaripia, ana mke au mume amwulizaye habari ya unga na mafuta ya taa, na ana watoto wanaotaka daftari za shule. Kitabu chake kikitoka, nasi tukakisoma kwa makini, twaona ya kuwa sehemu kubwa ya mali aliyoitumia aliiokota mlangoni pake mwenyewe.

Leo twataka kulitazama jambo hili kwa mfano wa kisiwa cha Unguja, na hasa ile pwani yake ya kusini mashariki ambako vijiji vya Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi vimejipanga kando ya bahari kama shanga katika uzi. Tumeichagua pwani hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiko alikozaliwa mmoja wa watunzi wakubwa wa hadithi ndefu za Kiswahili. Ya pili, vijiji vile, na Bwejuu miongoni mwao, vimo katika mageuzi makubwa ya maisha, na mageuzi ya namna hiyo hayapasi kupita pasi na mtu wa kuyaandika.

MWANA WA MAKUNDUCHI

Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Hakuanza maisha kwa kalamu. Mwaka 1938 aliingia katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, na baada ya miaka kumi hivi akaiacha kazi hiyo, akajitia katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, akapitia magazeti mengine ya Unguja, kisha tangu 1958 hata 1968 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Katikati ya shughuli hizo akaandika hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikapigwa chapa mwaka 1960. Baada yake vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki dunia mwaka 1991.

Na tuzitazame kazi zake zile mbili za mshahara. Mkaguzi wa afya ni mtu ambaye kazi yake ni kuangalia vitu ambavyo wengine huvipita: kisima kisichofunikwa, mtaro uliojaa, mtungi wenye viluwiluwi. Mhariri wa gazeti la wakulima naye hawezi kukwepa habari za mbolea, mvua na wadudu. Kazi hizi hazina fahari yoyote. Lakini hebu msomaji na amkumbuke Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko, aliyekuja kupendwa katika Afrika ya Mashariki nzima. Nguvu ya Bwana Msa ni nini, kama si macho yake? Hana bunduki wala askari. Ana subira ya kukitazama kitu kidogo mpaka kitoe siri yake, na rafiki yake Najum husimama kando akistaajabu pamoja nasi.

Wataalamu wamesema, nao wamesema kweli, ya kuwa Bwana Msa ana udugu na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hapana aibu katika hilo, kwani maarifa ya kutunga hayana forodha. Walakini kanzu ile ya kigeni ilifumuliwa ikashonwa upya kwa kipimo cha watu wa Unguja. Siri ambazo Bwana Msa huzifichua mara nyingi si za hazina wala vito. Ni siri za nasaba: nani ni mwana wa nani, nani alimwoa nani kwa siri, ni mtoto gani aliyelelewa na watu asiojua kuwa si wazazi wake. Hizo ndizo siri ziwezazo kukitikisa kijiji cha pwani. Mtunzi asingeweza kuzijua uzito wake kama hakulelewa kati ya watu wanaohesabu ujamaa mpaka kizazi cha nne na cha tano.

MAMBO YA NYUMBANI SI MAMBO MADOGO

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara, hata na watu waliosoma, ya kuwa hadithi za mapenzi, za ndoa na za mama wa kambo ni porojo, na ya kuwa mtu mwenye akili yampasa asome habari za vita, za dola na za uchumi. Twaomba kupingana na maneno hayo kwa vitabu vya Unguja vyenyewe.

Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Katika hicho cha pili twamwona mtoto wa kike akitupwa katika nyumba ya baba yake mwenyewe, kisha akijitafutia maisha yake katika dunia isiyomhurumia. Ukikisoma kama habari ya mtoto aliyeonewa, umesoma nusu tu. Nusu ya pili ni habari ya ardhi, ya urithi na ya ubwana, yaani jamii nzima ya Unguja ya zamani imewekwa ndani ya nyumba moja. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anatuonyesha binti Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mtu wa heshima mbele za watu na jeuri nyuma ya mlango. Hapo pia mlango ule si mlango wa nyumba moja tu.

Ndivyo alivyofanya Adam Shafi. Mgomo wa wafanyakazi wa Unguja wa mwaka 1948 ni jambo la historia, na mtu angeweza kuuandika kwa takwimu na tarehe. Yeye, katika Kuli (1979), aliupitisha katika maisha ya kijana mmoja, Rashidi, na jasho la bandarini, na msomaji akamaliza kitabu akiwa anajua kwa nini watu waliacha kazi, maana amekwisha kukaa nao nyumbani mwao na kuona walivyoishi. Katika Vuta n'kuvute (1999) ameyaeleza mapambano ya siasa ya miaka ya hamsini kwa kumfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka, akaikimbia ndoa hiyo. Kitabu hicho kikafanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na watu wengi wasiopata kukisoma wakaiona Unguja ile katika picha.

Basi twaona ya kuwa watunzi hao hawakuacha habari za dola. Waliziingiza kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Na kwa hakika ndivyo dola ilivyo. Amri hutolewa mahali pa juu, lakini uzito wake huhesabiwa sahanini.

DENI LA WAKATI

Hata hivyo, nyumba ile ile impayo mtunzi mali yake ndiyo imdaiyo. Deni la kwanza ni wakati. Katika nchi zetu ni wachache mno walioweza kuishi kwa kalamu ya hadithi peke yake. Tumekwisha kumtaja mkaguzi wa afya. Shaaban Robert, ambaye jina lake halihitaji sifa zetu, alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na vitabu vyake alivitunga katika saa zilizobaki. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958 zimekusanywa zikapigwa chapa, na ndani yake twamwona mtu anayeshughulikia jamaa na riziki huku akishughulikia miswada. Vilevile aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mausio, moja kwa binti na moja kwa mwana. Hapo utunzi na uzazi vilikuwa kazi moja.

Lakini tuseme neno ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanamume ajisifuye kuwa huandika usiku, nyumba ikiwa imetulia, na ajiulize ni nani aliyeituliza. Usiku wake ni mtulivu kwa sababu mtu mwingine amekwisha kupika, kuosha vyombo, kuteka maji na kulaza watoto. Mtu huyo naye huenda ana hadithi.

Na hili si neno la kubahatisha. Katika pwani yetu ni nani waliokuwa walimu wa kwanza wa hadithi? Ni bibi zetu. Wao ndio waliosema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" Wao ndio waliotufundisha kwamba hadithi ina mahali pa kunyamaza, mahali pa kuimba na mahali pa kutia hofu. Juu ya hayo, majina yaliyo katika majalada ya hadithi ndefu za Kiswahili za Unguja, kwa miaka mingi, yalikuwa karibu yote ya wanaume. Kwa hiyo twafurahi kumwona mtunzi kama Zainab Alwi Baharoon, ambaye hadithi yake Mungu Hakopeshwi ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili. Lakini mmoja ni mmoja. Ufundi ulikuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani. Kilichokosekana ni saa, taa na meza.

DENI LA SITARA

Deni la pili ni sitara. Watu wa pwani wana adabu ya kustiri: aibu ya nyumba haianikwi uani. Adabu hiyo ni njema, kwani bila ya sitara hapana ujirani. Lakini mtunzi kazi yake ni kuingia ndani na kutoka na kweli. Basi afanyeje?

Kijiji kama Bwejuu si mji mkubwa ambamo mtu aweza kujificha katika wingi. Kila mtu ajua mwendo wa kila mtu, kikohozi chake, na siku aliyogombana na mkwewe. Mtunzi akiandika waziwazi habari za jirani, kesho kitabu kitasomwa barazani, na mwenye habari ataijua pua yake hata ikivikwa jina jingine. Hapo mtunzi amepata kitabu na amepoteza kijiji.

Mafundi wa kazi hii wana njia yao, nayo ni ya zamani. Huchukua ukali wa mzee mmoja, wakauchanganya na ukarimu wa mwingine, wakampa mtu wa tatu ambaye hakupata kuzaliwa. Huchukua msiba wa kusini wakauhamishia kaskazini. Mambo hubadilika, uchungu hubaki ule ule. Mtunzi wa namna hii hamwumbui mtu, bali kila msomaji hujiona kidogo, akatahayari peke yake bila ya kushuhudiwa. Hiyo ndiyo sitara ya kweli: kusema ovu lililopo pasi na kumtupa mtu uchi mbele za watu.

Lakini sitara isigeuzwe kuwa kifuniko cha dhuluma. Adam Shafi aliwekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na miaka mingi baadaye akatoa Haini (2003), kitabu kinachozungumza habari za gereza na mateso. Yako mambo ambayo familia nyingi huyabeba kimya kimya, wakidhani wako peke yao. Hadithi ikitoka, waligundua kuwa walikuwa wengi. Faida hiyo huwezi kuipima kwa hesabu ya nakala zilizouzwa.

DENI LA LUGHA NA LA UGENI

Deni la tatu ni lugha. Katika kusini ya Unguja huzungumzwa Kikae, ambacho wengine hukiita Kimakunduchi au Kihadimu. Lugha ya vitabu, kwa upande mwingine, ilitokana na Kiunguja cha mjini, ambacho wakubwa wa utawala wa Kiingereza walikichagua kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaanza kukisimamia. Sanifu imetufaa sana: imeunganisha watu wa bara na wa visiwani, nasi gazeti hili twaitumia kila siku. Lakini mtunzi wa kijijini hulazimika kuvuka. Mama yake amemkemea kwa maneno fulani, na katika daftari ayageuze kuwa mengine. Mtunzi stadi hujua ni neno gani la kwao alipe nafasi katika sanifu, ili kitabu kinukie mahali kilikotoka.

Kivuko cha Abdulrazak Gurnah kilikuwa kirefu zaidi. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka mwishoni mwa miaka ya sitini, angali kijana wa miaka kumi na minane, katika misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Akaenda Uingereza, akasoma kwa shida, mwishowe akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya zake zote ameziandika kwa Kiingereza, tangu Memory of Departure ya 1987. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na Unguja ikatajwa dunia nzima.

Katika hotuba aliyoitoa Desemba ya mwaka huo, Gurnah alieleza kuhusu uandishi wake mambo ambayo yangeweza kusemwa na kijana yeyote wa Bwejuu. Alisema ya kuwa kuandika kulianza kwake kama furaha ya darasani, mwalimu alipowapa watoto muda wa kutunga. Baadaye, akiwa katika upweke na ufukara wa ugenini, ndipo akaanza kuandika kwa namna nyingine, akiyatafuta yale aliyoyaacha nyuma. Akaona pia kuwa habari za watu wake zilikuwa zikisimuliwa na wengine kwa namna iliyozipunguza na kuzinyoosha mno, na kuwa ilimpasa azikatae kwa kuzieleza upya. Wala hakutaka uandishi uwe ugomvi tu. Alitaka ndani yake muwe na huruma hata kwa yule ambaye jicho kali lingemhukumu mara moja.

Lipo jambo moja la maisha yake linalotugusa kuliko tuzo. Kwa miaka mingi hakuweza kurudi kwao. Alipopata kurejea, mwaka 1984, alimkuta baba yake angali hai, naye mzee huyo akafariki muda mfupi baadaye. Mwenye kusoma riwaya za Gurnah, zilizojaa wana waliotengana na baba zao na watu waandikao barua zisizojibiwa, hawezi kudhani kuwa umbali ule ulikuwa fikira tu ya mtunzi.

Hapa wako wanaouliza: je, mtunzi huyo ni wetu, ikiwa kwao hasomwi kwa lugha ya kwao? Jibu limekwisha kuanza kutolewa. Riwaya yake Paradise ya 1994 imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mtoto aliyekwenda mbali amerudi, na amevikwa nguo za kwao. Lakini twaongeza neno: haifai tungoje wageni watupe tuzo ndipo tuwatafsiri wana wetu, wala haifai mtoto wa Unguja aamini kuwa ni lazima avuke bahari ndipo maneno yake yapate thamani.

BWEJUU YA SIKU ZETU

Sasa na tuutue mwendo Bwejuu. Mgeni afikapo husifu mchanga mweupe na minazi, akapiga picha, akaenda zake. Mtunzi angetazama vingine. Angeona kuwa bahari ya upande ule hupwa ikaenda mbali, hata nchi ya maji ikawa nchi ya miguu, na ya kuwa wanawake huishi kwa hesabu ya mwezi kuliko ya saa ya ukutani. Wakati wa bamvua, maji yakitoka kabisa, huteremka kwa makundi na kamba zao na vijiti vyao. Wengine huchokoa pweza miambani. Maji yakirudi, nao hurudi.

Zamani mali ya wanawake wa pwani ile ilikuwa usumba. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika tope la ufuoni miezi kadha, yakafukuliwa yakinuka, yakapondwa kwa mti, nyuzi zikasokotwa kamba. Kazi ilikuwa nzito na malipo hafifu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya themanini, kikaja kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki. Mche hufungwa kwa uzi katika kamba iliyowambwa baina ya vijiti viwili, na baada ya wiki sita hivi huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa kwenda ng'ambo, ambako hutolewa utomvu utumikao katika dawa za meno, vyakula na vitu vingi vya viwandani. Mfuaji wa usumba akawa mkulima wa baharini.

Ndugu msomaji, hapa ipo riwaya. Mwanamke aliyekuwa akiomba pesa ya kanga sasa ameshika pesa yake mkononi. Mume atasemaje? Yuko aliyenuna, yuko aliyefurahi, yuko aliyeanza kuacha kununua mahitaji ya nyumba kwa kuwa "mwenye mwani yupo". Mama mkwe atasemaje, ambaye ujana wake wote uliishia katika usumba? Watoto waachiwe nani maji yakipwa alfajiri? Kisha twist za bei: mnunuzi hupanga, mkulima hupokea. Kisha bahari yenyewe ikaanza kupata joto, na ile aina yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, ikawa yaoza na kufa karibu na ufuo, wanawake wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo, ama wakatafuta maji ya kina ilhali wengi wao hawajui kuogelea. Hayo yote wataalamu wameyaandika katika ripoti zao, na ripoti ni kitu cha maana. Lakini ripoti haikwambii mwanamke yule aliwaza nini alipoinua kamba akakuta tupu.

Na hoteli nazo zimekuja. Ufuo uliokuwa njia ya watu wote na mahali pa kuvuta ngalawa leo una viti vya kuotea jua. Vijana wamepata kazi za mapishi, ulinzi na uongozaji wa wageni. Wengine wamekuwa mapapasi, wakirandaranda pwani na lugha tano za salamu. Ardhi aliyoiuza babu kwa furaha, mjukuu aitazama kwa uchungu nyuma ya ukuta. Wala si haki kusema kuwa yote ni hasara, kwani shule za watoto na mapaa ya bati yamelipiwa kwa pesa hizo pia. Ni mchanganyiko, nao mchanganyiko ndio hasa riwaya iuwezao kuliko hotuba. Hotuba hutaka upande mmoja. Riwaya huweza kumpenda babu na mjukuu kwa pamoja. Gurnah mwenyewe, katika riwaya yake Theft ya mwaka 2025, amemweka kijana mtumishi Badar katikati ya Unguja ya utalii, akatuonyesha jinsi maskini anavyoweza kuhukumiwa kuwa mwizi kabla hajafanya lolote. Lakini mtunzi mmoja, aliye mbali, hatamaliza pwani nzima.

YATUPASAYO

Basi tusiishie katika kustaajabu. Yako mambo matatu yawezekanayo, wala hayataki fedha za kutisha.

La kwanza ni la wazazi. Mtoto akionekana ameinamia daftari akiandika yasiyo masomo ya mtihani, asiambiwe kuwa anapoteza wakati. Na akiwa ni mtoto wa kike, asiitwe kila dakika kuja kuchochea moto huku kaka yake amekaa. Kama twataka watunzi wanawake, tuanze kwa kugawa kazi za jioni.

La pili ni la walimu. Gurnah alikumbuka hata uzeeni saa ile ya darasani ya kutunga. Ni saa moja tu, lakini ilizaa mengi. Mwalimu wa Bwejuu au wa Jambiani awaambie wanafunzi wake: nendeni kwa bibi, mwulizeni usumba ulifanywaje, siku ya kwanza ya mwani ilikuwaje, mwandike kama alivyosema, kwa maneno yake. Wazee hao hawatakuwapo daima, na maneno yao ya Kikae yatakwenda nao.

La tatu ni la sisi wenye magazeti na wachapishaji. Muhammed Said Abdulla alitoka katika chumba cha habari, na mashindano ya uandishi ndiyo yaliyomtoa hadharani. Ukurasa mmoja wa hadithi kwa juma, na mashindano yenye tuzo ndogo lakini ya haki, yaweza kufungua mlango kwa mtu ambaye leo hajulikani. Na vitabu vikitoka viuzwe kwa bei ambayo mfungaji wa mwani aweza kuilipa, la sivyo tutakuwa tumeandika habari zake tukawauzia wengine.

Watu wa pwani husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hadithi zetu zimekwenda tezi na omo. Zimefika London na Stockholm, zimepata heshima, nasi twazipongeza. Lakini ngama ni hapa, katika nyumba za mawe na chokaa, mahali mama anapoosha chumvi miguuni jioni na kuanza kupika. Yeye amekwisha kuishi kitabu kizima. Ni wajibu wetu kuhakikisha kuwa yeye, ama bintiye, apata kalamu na saa ya kukiandika.